Softiboksi Kubwa kwa Picha za Uso: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mpigapicha mwenye studio ndogo, tuseme chumba cha mita nne kwa tano chenye dari ya kawaida, ambaye anafikiria kununua softiboksi (boksi la kitambaa linalofungwa mbele ya flashi ili kulainisha mwanga wake) ya sentimita 120 au zaidi. Yatamfaa pia aliyekwisha kuinunua na bado hana hakika kama inamlipa. Nyuso ninazozifikiria ni za watu wetu: weusi wa kung'aa, kahawia, maji ya kunde. Mapitio mengi ya vifaa hivi hupimwa kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo husifu ulaini wa kivuli na kuishia hapo. Ngozi nyeusi ina dai jingine kwa taa, na kwangu hilo ndilo la kwanza kupimwa.

Softiboksi "kubwa" ni ya ukubwa gani hasa?

Ukubwa unaohesabika ni ule unaoonwa na uso wa anayepigwa picha. Jua ni kubwa kuliko chochote tunachoweza kukitaja, lakini liko mbali mno, hivyo angani linachukua nusu digrii tu na kivuli chake kinakata kama wembe. Softiboksi ya sentimita 150 ikiwa mita moja na nusu kutoka usoni inachukua takriban digrii 53. Isogeze hadi mita tatu, inabaki digrii 28. Boksi ni lilelile, ila limeshakuwa taa nyingine.

Pa kuanzia ni hapa: weka boksi umbali unaolingana na kipenyo chake. La sentimita 120 liwe mita 1.2 kutoka usoni, la 150 liwe mita 1.5. Ukikaa ndani ya umbali huo, mwanga ni laini kweli. Ukizidisha mara mbili, unapoteza sehemu kubwa ya kile ulicholipia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza boksi lina ukubwa gani, uliza chumba chako kinakuruhusu kulisogeza karibu kiasi gani.

Kwa nini unasisitiza ngozi nyeusi? Mwanga si ni mwanga tu?

Mwanga ukifika kwenye ngozi hugawanyika. Sehemu moja huingia ndani kidogo, hutawanyika, kisha hurudi ikiwa imebeba rangi ya ngozi. Sehemu nyingine haiingii kabisa: hudunda juu ya ngozi na kurudi kama kutoka kwenye kioo, na huo ndio mng'ao. Melanini hunywa ile sehemu ya kwanza. Ya pili haiguswi, na ni karibu sawa kwa kila binadamu. Matokeo yake ni kwamba kwenye ngozi nyeupe mng'ao huzama ndani ya mwanga mwingi unaorudi, lakini kwenye ngozi nyeusi ndio unaouchora uso. Paji, mifupa ya mashavu, mstari wa pua na kidevu huonekana kwa sababu kuna mng'ao unaopita juu yake.

Sasa, mng'ao ni taswira ya taa yenyewe. Taa ikiwa ndogo, utaona vidoa vyeupe vikali kwenye paji na ncha ya pua, na katikati yake weusi usio na umbo. Taa ikiwa kubwa, taswira hiyo hutanuka na kupoa, ikawa utando mpana unaofuata mifupa. Hesabu yake ni nyepesi. Ukibadilisha boksi la sentimita 60 kwa 90 ukaweka la 120 kwa 180, eneo limezidi mara nne. Ukilipima kwa umbali uleule na eksposha (kiasi cha mwanga kinachoifanya picha) ileile, kila sehemu ya kitambaa sasa inahitaji kung'aa kwa takriban robo tu ya awali. Mng'ao kwenye ngozi nao unashuka kwa kiasi hicho, yaani stopu mbili. (Stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu.)

Kusogeza boksi karibu kunafanya kazi hiyohiyo. Kitambaa hakizidi kung'aa kwa sababu kimesogea, lakini mwanga unaoingia kwenye ngozi unaongezeka. Ukipunguza nguvu ya flashi ili eksposha irudi mahali pake, mng'ao unashuka na rangi ya ngozi inabaki. Hakuna poda inayofanya hivyo.

Nami nakuomba usiuue mng'ao wote. Mteja akija amepaka mafuta, mguse kwa karatasi laini kwenye paji na pua, basi. Uso mweusi uliopakwa poda hadi ukakauka huonekana wa kijivu na bapa, na hiyo ni kumnyang'anya mtu sura yake.

Nitajuaje kama boksi linasambaza mwanga sawasawa?

Hiki ndicho kipimo kikuu cha ubora, kwa sababu boksi la sentimita 150 linalowaka katikati tu ni boksi la sentimita 70 lenye nguo pana. Kuna njia tatu, na ya kwanza haihitaji hata kamera.

Chukua kijiko cha chuma kinachong'aa, kishike pale ambapo uso wa mteja utakuwa, kisha washa taa ya kuongozea (ile balbu ya flashi inayowaka muda wote kukuonyesha mwanga utakavyokaa) na utazame mgongo wa kijiko. Utaona taswira ndogo ya boksi lote. Likiwa jeupe hadi pembeni, vizuri. Ukiona kiini kikali katikati na giza kwenye kingo, hivyo ndivyo mng'ao utakavyokaa kwenye paji la mteja.

Njia ya pili ni kipimamwanga. Kiegemeze kwenye kitambaa cha mbele, pima katikati, halafu pima kila kona au kila ukingo, nguvu ya flashi ikiwa ileile. Tofauti ya nusu stopu ni kazi nzuri sana. Stopu moja inakubalika, hasa kwa boksi lenye kina. Ikizidi stopu moja na nusu, ukubwa ulioandikwa kwenye begi lake usiuhesabu.

Kama huna kipimamwanga, piga picha ya boksi lenyewe. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iwe 100, flashi kwenye nguvu ya chini kabisa, tundu la lenzi dogo, f/16 hivi, mpaka katikati paonekane kijivu na siyo peupe. Kisha fungua tundu hatua kwa hatua hadi ukingo ufikie kijivu kilekile. Idadi ya stopu ulizofungua ndiyo tofauti yenyewe. Usiridhike na macho tu, kwa sababu macho husawazisha na kudanganya.

Tofauti ikiwa kubwa, chunguza kitambaa cha ndani, kile kidogo kinachoning'inia kati ya flashi na kitambaa cha mbele. Mara nyingi kimefungwa karibu mno na taa, au hakikufungwa kabisa. Angalia pia flashi yako: ile yenye balbu iliyochomoza hutupa mwanga hadi kwenye mbavu za boksi (vijiti vinavyolitanua), lakini ile yenye kioo bapa hutupa mbele moja kwa moja na kuacha kingo na giza. Boksi moja linaweza kuwa zuri kwa flashi moja na bovu kwa nyingine.

Kitambaa kinaweza kubadilisha rangi ya ngozi?

Ndiyo. Flashi za studio hutengenezwa ziwe karibu na kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 au 5600, na kitambaa huupa mwanga joto kidogo. Joto hilo halina neno. Kinachonitia wasiwasi ni kitambaa kinachovuta kuelekea kijani, kwa sababu ngozi ya kahawia huonekana ya mgonjwa na kurekebisha kwenye kompyuta kunaharibu rangi ya kitenge au dhahabu iliyovaliwa.

Jaribio: piga kadi ya kijivu kwa flashi tupu, kisha kwa flashi ndani ya boksi, bila kubadilisha mpangilio wa rangi wa kamera, mapazia yakiwa yamefungwa na taa za chumba zimezimwa. Fungua faili za RAW (picha ghafi za kamera) kwenye kompyuta, bonyeza kadi kwa zana ya kupima rangi, linganisha namba. Mhimili wa joto ukisogea kidogo, sahau. Mhimili wa kijani na zambarau ukisogea waziwazi, rudisha boksi dukani, au liwe la kazi za rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Ukitumia maboksi mawili pamoja, fanya jaribio kwa yote mawili. Tofauti kati yao ndiyo inayokera zaidi: shavu moja la rangi hii, jingine la rangi ile.

Nahitaji flashi yenye nguvu kiasi gani?

Vitambaa viwili hula kati ya stopu moja na nusu na mbili, na gridi (wavu wa kitambaa unaofungwa mbele ya boksi) huongeza hasara juu yake. Kwa picha ya uso kwenye f/5.6 au f/8, ISO 100, boksi likiwa mita moja na nusu, flashi ya wati-sekunde 200 inaweza kufanya kazi lakini mara nyingi utaisukuma karibu na kilele chake, na hapo inachelewa kujaa. Ya 400 inakupa stopu moja zaidi na pumzi. Ya 600 ni nzuri kama unapiga pia watu kadhaa kwa mbali.

Flashi ndogo ya juu ya kamera ndani ya boksi la sentimita 150? Inawezekana kwa kupandisha ISO hadi 400, lakini kile kioo chake bapa kitakuletea lile tatizo la kingo zenye giza. Kwa boksi kubwa siishauri.

Vipi kuhusu taa ya LED inayowaka muda wote?

Ina faida zake. Unaona mwanga kabla ya kupiga, na mboni ya jicho hujikaza kwa mwanga mwingi, kwa hiyo rangi ya jicho huonekana zaidi. Wanaorekodi video hawana haja ya kujiuliza. Kwa picha za kawaida, LED ya bei ya chini ndani ya boksi kubwa hukulazimisha kupandisha ISO na kupunguza kasi ya shata, na mtoto mdogo hatakusubiri. Watu wengine pia hukunja macho. Nikipewa nafasi ya kuchagua taa moja kwa ajili ya nyuso, nachukua flashi, hasa yenye betri yake, kwani umeme ukikatika mteja akiwa kwenye kiti, kazi inaendelea.

Oktaboksi, mstatili, au lile refu jembamba?

Tazama machoni. Umbo la boksi huonekana kwenye jicho kama nukta ya nuru. Oktaboksi, lile la pembe nane, huacha nukta ya karibu duara, mstatili huacha dirisha. Yote mawili ni mazuri, chagua linalokupendeza. Mstatili wa 120 kwa 180 uliosimamishwa wima unafaa zaidi kwa picha ya mwili mzima, mathalani bibi harusi na gauni lake hadi chini. Oktaboksi ni rahisi kwa uso na mabega. Lile jembamba, 30 kwa 120 hivi, ni taa ya pembeni au ya nyuma, ya kuchora ukingo wa shavu na bega. Lisiwe boksi lako la kwanza.

Kwa wenye miwani, boksi kubwa ni mtihani, kwa kuwa taswira yake inaijaza lenzi. Pandisha boksi juu zaidi, mwombe mteja ashushe kidevu kidogo, au inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo vielekee chini. Kwa kawaida hatua ya mwisho peke yake inatosha.

Maboksi yenye kina yanayoitwa parabola yana thamani ya bei yake?

Mengi ya hayo hayana umbo halisi la parabola (mpindo kama wa dishi la satelaiti). Ni maboksi yenye kina, yenye mbavu 16 badala ya nane, na duara lililo kamili zaidi. Kina hukusanya mwanga mbele, hivyo hauvuji sana kwenye kuta, na utofauti wa mwanga na kivuli unakuwa mkubwa kidogo. Katika chumba kidogo chenye kuta nyeupe hiyo ni faida ya kweli. Ubaya wake ni kwamba flashi iko nyuma zaidi, kwa hiyo jumla ya urefu wa boksi na flashi hula nusu ya nafasi yako. Pima kwa futi kabla ya kulipa.

Dari yangu ni mita 2.7. Boksi la 150 litaingia?

Litaingia kwa shida. Mtu akisimama, unataka kitovu cha boksi kiwe mita mbili au zaidi kidogo kutoka sakafuni, limeinamia uso. Boksi la 150 likiwa wima kwa kitovu hicho, ukingo wake wa juu uko mita 2.75, tayari limegonga dari. Ukiliinamisha digrii 35, ukingo unashuka hadi kama mita 2.6. Umebakiwa na sentimita kumi, na huwezi kupanda tena. Mteja akikaa kwenye kiti, mambo yanakuwa mepesi: kitovu kinashuka hadi mita 1.6 au 1.7 na una nafasi ya kucheza.

Ndiyo maana kwa chumba cha kawaida cha kupangisha naona 120 yenye kina ni ununuzi bora kuliko 150, na 180 chini ya dari ya mita tatu ni kujitesa. Boksi dogo kidogo unaloweza kuliweka pembe sahihi na karibu linalishinda kubwa lililobanwa.

Picha zangu zinatoka bila kivuli chochote, bapa kabisa. Boksi ni bovu?

Karibu kila mara kosa liko kwenye kuta. Boksi kubwa humwaga mwanga kila upande, kuta nyeupe huurudisha, na upande wa kivuli unajaa. Kwenye ngozi nyeusi hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila ukuta unaleta mng'ao wake na uso unapoteza umbo. Tundika kitambaa cheusi upande wa pili wa boksi, hata shuka nene jeusi linatosha, uone uso unavyorudi. Kisha fikiria gridi, ule wavu wa kitambaa unaofungwa mbele. Unazuia mwanga wa pembeni usifike kwenye kuta na pazia la nyuma. Boksi ambalo kitambaa chake cha mbele kimezama ndani sentimita chache kutoka kwenye ukingo nalo husaidia.

Gauni jeupe na ngozi nyeusi kwenye picha moja. Nifanyeje?

Kwanza pima mwanga unaofika usoni, kipimamwanga kikitazama taa, usiiache kamera ikisie. Kamera ikiona uso mweusi umejaa fremu hutaka kuugeuza kijivu, na ikiona gauni jeupe hutaka kulitia giza.

Pili, usielekeze kitovu cha boksi kwenye gauni. Ligeuze ili kitovu kipite mbele ya uso au juu yake, na gauni lipate mwanga wa ukingo. Boksi kubwa lililo karibu linalifanya hili kwa urahisi, kwani mwanga hupungua haraka kadiri unavyoshuka mwilini: uso umekaa vizuri, kifua kimeshuka kidogo, chini kumeshuka zaidi, na nakshi za gauni hazipotei. Kanzu na kofia vivyo hivyo. Hii ndiyo kazi ambayo ningemwonyesha mtu anayeuliza boksi kubwa ni la nini.

Naweza kupiga familia ya watu wanane kwa boksi moja?

Kwa ukaribu, hapana. Aliye mita moja kutoka kwenye boksi na aliye mita 1.4 wanakaribia kutofautiana stopu moja. Ukirudisha boksi mita tatu mwanga unasawazika lakini ulaini unapungua. Kwa makundi tumia mawili, au mwavuli mkubwa nyuma ya kamera wa kujaza vivuli.

Mwavuli mkubwa ni rahisi zaidi. Kwa nini nisinunue huo tu? Au nitumie dirisha?

Mwavuli wa sentimita 150 au 165 wenye kitambaa cheupe mbele hutoa mwanga laini sana na hufunguka kwa sekunde. Kama chumba ni kikubwa na hujali mwanga kutapakaa, anza nao bila aibu. Katika chumba kidogo hutaweza kuudhibiti.

Dirisha nalo ni softiboksi. Seydou Keïta wa Bamako alipiga picha zake zilizojulikana dunia nzima kwa mwanga wa mchana uani kwake. Ila ukanda wetu hauna dirisha lisilopata jua mwaka mzima: Dar es Salaam, jua la mchana hupita kaskazini kwa miezi mingi, kisha kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linapita kusini. Dirisha lililokuwa laini Juni linaweza kuchoma Januari. Mteja wa saa moja usiku naye hana dirisha.

Nichague pete ya aina gani?

Pete ni kiungo kinachoshika boksi kwenye flashi. Chagua ya Bowens, kama huna flashi ya chapa yenye pete yake. Kampuni ya Bowens ya Uingereza ilifungwa mwaka 2017, lakini pete yake imebaki kuwa ya wote, na Godox na watengenezaji wengine wengi wa flashi wanaitumia. Shika boksi likiwa limefungwa kwenye flashi, litikise. Pete ikicheza, boksi zito litaning'inia upande baada ya miezi michache.

Stendi yangu ya kawaida inatosha?

Hapana. Boksi kubwa na flashi vinaweza kufikia kilo tano au sita, na uzito wote uko mbele ya nguzo. Tafuta stendi nzito yenye miguu mipana, uelekeze mguu mmoja chini ya boksi, na uning'inize mfuko wa mchanga. Feni ya dari au upepo wa mlangoni hulisukuma boksi la 150 kama tanga. Mteja anakaa chini yake, mara nyingi na mtoto mapajani. Mfuko wa mchanga uwepo kila siku, hata kwa picha ya dakika mbili.

Nikinunua lililotumika, nikague nini?

Lifungue lote mwenyewe mbele ya muuzaji, kisha ulikunje. Anza na mbavu. Tom Frost, mmoja wa waanzilishi wa Chimera, kampuni ya softiboksi ya Boulder, Colorado, alikuwa mpanda milima na mhandisi, na boksi zuri kweli hujengwa kwa akili ya hema: vijiti vinavyopinda kisha kurudi kunyooka, mishono iliyorudiwa pale vijiti vinapogusa kitambaa. Kijiti kilichopinda kisirudi tena huvuta upande mmoja na kuleta giza kwenye ukingo huo. Angalia mifuko ya ncha za vijiti, ndiyo huchanika kwanza.

Tazama ndani, kwenye kitambaa cha fedha, kama kimebanduka au kina alama ya kuungua iliyoachwa na taa ya kuongozea ya halojeni. Kwenye miji ya pwani chunguza kutu kwenye pete na harufu ya ukungu ndani ya begi. Boksi lililohifadhiwa likiwa na unyevu huota madoa meusi ambayo hayatoki. Vitambaa vyote viwili vyeupe viwepo, vya asili, kwa maana cha kubadilisha mara nyingi huja na rangi nyingine. Kitambaa cha mbele kikiwa kimefifia kuwa cha njano, kifue kwa mkono na sabuni laini, kikaushe kivulini, kisha urudie jaribio la kadi ya kijivu kabla hujapanga bei ya mwisho.